UZI: Kazi ya seneta wa jimbo Marekani, tukifuata miaka minane ya Obama kule Springfield

#1 KaraniMkongwe

Wakuu, kila uchaguzi wa Marekani ukifika tunabishana humu kuhusu "maseneta" bila kutenganisha seneta wa Washington na seneta wa jimbo, na mjadala unaishia hewani. Uzi huu ni wa huyo wa pili. Mfano nimemchukua Barack Obama, na urais wake tuuweke kando kabisa. Nimemchukua kwa sababu miaka yake katika Seneti ya Illinois, inayokaa Springfield, mji mkuu wa Illinois, Januari 1997 hadi Novemba 2004, imepekuliwa karatasi kwa karatasi. Tutaona kazi ilivyo ndani.

Lugha kwanza. Kwetu Tanzania jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Hapa jimbo ni Illinois nzima, yenye katiba, gavana, mahakama ya juu na Bunge lake la mabaraza mawili. Eneo la mwakilishi mmoja nitaliita wilaya ya uchaguzi. Mnaotafuta mfano wa karibu, acheni diwani na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti Kenya). Angalieni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar: mambo ya muungano yameorodheshwa, yaliyobaki linatunga sheria lenyewe. Illinois ni mantiki hiyohiyo, na yaliyobaki ni mengi mno: mauaji na wizi, shule, ndoa, bima, leseni za madaktari, hata mipaka ya wilaya za uchaguzi.

Seneti ina viti 59, Baraza la Wawakilishi 118. Kila wilaya ya seneta hukatwa vipande viwili, kila kipande kina mwakilishi wake. Hadi mwanzoni mwa 1983 wawakilishi walikuwa 177. Mwaka 1980 wananchi walikuwa wamepiga kura kukata theluthi nzima. Mwakilishi anakaa miaka miwili. Seneta ana mzunguko unaochanganya wageni: kila miaka kumi vipindi vyake hupangwa 4-4-2, au 4-2-4, au 2-4-4, ili viti vyote visigombewe mwaka mmoja. Ndiyo maana Obama aligombea 1996, akarudi 1998, halafu 2002.

Sifa za kugombea: uraia, umri wa miaka 21, na uwe umeishi ndani ya wilaya miaka miwili kabla ya uchaguzi. Hakuna sharti la kuzaliwa Marekani.

#2 MwanaKilwa

Mkuu umeanza vizuri. Anaingiaje sasa? Ni kura za maoni za chama kama huku, au anachukua fomu moja kwa moja?

#3 KaraniMkongwe

Kura za maoni zipo, hufanyika Machi, na zinasimamiwa na serikali, si na chama. Lakini kabla jina lako halijafika kwenye karatasi ya kura kuna mlango mwembamba wa sahihi za wadhamini, na hapo ndipo watu wanaumia. Mgombea ubunge Tanzania anadhaminiwa na wapiga kura 25. Illinois leo seneta anatakiwa kuleta sahihi halali zisizopungua 1,000 na zisizozidi 3,000. Mwakilishi ni 500 hadi 1,500. Wakati wa Obama, kwa wilaya yake ya 13, kima cha chini kilikuwa 757.

Shika karatasi moja mkononi uione. Juu kuna jina la mgombea, anwani, chama, nafasi anayoomba na tarehe ya uchaguzi. Katikati kuna mistari: sahihi, jina, anwani kamili. Chini kuna kiapo cha aliyezungusha karatasi, kwamba sahihi zote ziliwekwa mbele ya macho yake, na kiapo hicho lazima kipigwe muhuri wa ofisa wa viapo. Karatasi zote zinapewa namba mfululizo na kufungwa pamoja. Zinaambatana na tamko la kugombea na stakabadhi ya tamko la maslahi ya kifedha.

Vinavyoua sahihi ni hivi. Mwenye sahihi hajaandikishwa kupiga kura. Au ameandikishwa ila kwa anwani ya zamani. Au anaishi ng'ambo ya pili ya barabara, na barabara hiyo ndiyo mpaka wa wilaya. Au ameandika jina kwa herufi za kuchapa ilhali kwenye daftari sahihi yake ni ya mkunjo. Au mke amemsainia mume. Au ameshamdhamini mgombea wa chama kingine kwa uchaguzi huohuo. Na ikithibitika kwamba aliyezungusha karatasi alidanganya kwenye kiapo, karatasi nzima inaweza kuanguka pamoja na sahihi halali zilizomo.

Zikishafika ofisini hakuna anayezikagua moja moja. Zinahesabiwa kuwa nzuri mpaka mtu alete pingamizi, na dirisha la pingamizi ni siku tano za kazi baada ya siku ya mwisho ya kurudisha.

Obama alirudisha zaidi ya 3,000 Desemba 1995, siku dirisha lilipofunguliwa. Aliyekuwa anashikilia kiti, Alice Palmer, alikuwa amekwenda kugombea Bunge la Washington, akashindwa na Jesse Jackson Jr. mwisho wa Novemba, ndipo akarudi kutaka kiti chake. Akawa amebakiwa na wiki chache. Alileta sahihi 1,580 siku ya mwisho. Ukizitazama ni mara mbili ya kinachotakiwa. Timu ya Obama ikaketi kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya Chicago, ikapitisha jina kwa jina dhidi ya daftari ambalo lilikuwa limetoka kusafishwa. Palmer akaona hatafika 757, akajitoa. Gha-is Askia alileta 1,899, akapungukiwa 69. Wapinzani wote waliondoka, Obama akapita kura za maoni bila kupingwa. Katika wilaya ile, kupita za Democrats ndiko kupita kwenyewe.

#4 Kaunti254

Yaani mtu anayehubiri demokrasia aliengua wapinzani wote kwa karatasi? Huku Kenya tungeita hiyo ujanja wa mchujo.

#5 BintiShangani

Kuenguliwa ni kuenguliwa, lakini ngoja tutenganishe. Kwetu malalamiko makubwa huwa kwamba msimamizi ndiye anayeengua. Pale aliyeengua ni daftari, na Askia angeweza kumfanyia Obama vilevile kama angekuwa na watu wa kukaa ofisini wiki nzima. Swali la haki linabaki, maana mwenye wanasheria na watu wa kujitolea ana nguvu ambayo mgombea wa mfukoni hana. Ila usiseme alivunja kanuni. Alizisoma.

Na fundisho la vitendo ambalo kila kampeni ya Illinois inalijua: kusanya mara mbili au tatu ya kima cha chini, na kila jioni linganisha karatasi za siku na daftari, ukate mwenyewe zile mbovu kabla mpinzani hajazikata. Palmer alikuwa na mara mbili. Alichokosa ni jioni za kukagua.

#6 KaraniMkongwe

Dada umemaliza. Tuingie ndani ya ukumbi sasa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapodhani kazi ni kuhutubia.

Muswada unaanza kwa wazo unalolipeleka kwa ofisi ya wanasheria wa Bunge, wao wanaliandika kwa lugha ya sheria. Unasomwa kwa jina mara tatu katika siku tatu tofauti, kwenye kila baraza. Kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili kuna kamati. Lakini kabla ya kamati husika kuna kamati nyingine ndogo, ya wakubwa, ambayo enzi hizo iliitwa Kamati ya Kanuni. Hiyo ndiyo inayoamua muswada wako upelekwe wapi, au usipelekwe popote. Muswada hauhitaji kukataliwa. Unaachwa pale mpaka Bunge la miaka miwili linaisha, unakufa nalo.

Kuanzia 1997 hadi mwanzo wa 2003 Republicans ndio waliokuwa wengi katika Seneti, chini ya Rais wa Seneti Pate Philip. Obama alikuwa upande wa wachache miaka sita kati ya takriban minane. Mtu wa upande huo ana njia mbili tu za kupata kitu: aombe marekebisho madogo ndani ya muswada wa mwenzake wa upande wa pili, au atafute jambo ambalo pande zote zinalitaka. Sheria ya 1998 ya kuzuia zawadi kwa wanasiasa aliifanyia kazi hivyo, akishirikiana na Republican Kirk Dillard.

Halafu kuna miswada mitupu. Viongozi huwasilisha miswada yenye jina na sentensi moja isiyobadilisha chochote, inasogezwa taratibu mpaka hatua ya kusomwa mara ya pili au ya tatu, inakaa. Mei ikikaribia kwisha, ule utupu unajazwa bajeti nzima kwa marekebisho ya usiku mmoja, maana zile siku tatu za kusomwa zimeshahesabiwa. Mgeni anayefuatilia namba za miswada atashangaa muswada wa "marekebisho ya kiufundi" umekuwa na kurasa mia kadhaa kufikia asubuhi.

#7 Nahodha_wa_Lamu

Na zile kura za "nipo" alizotukanwa nazo 2008? Wapinzani walisema alikimbia kuamua.

#8 KaraniMkongwe

Kwenye meza ya seneta kuna vitufe vitatu: kijani ndiyo, chekundu hapana, cha njano nipo. Obama alibonyeza cha njano takriban mara 130 katika kura kama 4,000.

Sasa hesabu. Muswada kupita Seneti ya Illinois unahitaji kura 30, ambazo ni zaidi ya nusu ya viti vyote 59, si ya waliopiga kura. Kwa hiyo nipo haiongezi upande wa ndiyo na matokeo yake ni sawa na hapana. Kwa nini basi usibonyeze nyekundu? Sababu tatu zinajulikana. Ya kwanza, unakubali lengo ila unaona kifungu fulani kinapingana na katiba. Ya pili, ni mbinu ya kambi: chama au kundi la watetezi linaomba watu wake wote wabonyeze njano ili asiwepo wa kutengwa na kupigwa tangazo la televisheni. Kura zake kadhaa za miswada ya utoaji mimba zilikuwa za namna hiyo. Ya tatu ni ileile mliyoisema, kukwepa. Ukiziangalia moja moja zote tatu zimo, na mtu anayekwambia ni moja tu anakuuzia kitu.

#9 BintiShangani

Ongeza vitufe vilivyokosewa. Kumbukumbu rasmi zina angalau mara sita ambapo Obama alisimama kusema amebonyeza kitufe kisicho. Watu wanacheka, lakini mwisho wa Mei kura zinapigwa moja baada ya nyingine mpaka usiku, kila moja inafunguliwa kwa sekunde chache. Ukikosea, unaomba kumbukumbu ioneshe ulichokusudia. Nia yako inaandikwa. Hesabu ya kura haibadiliki. Kama muswada ulipita kwa kura moja na hiyo moja ni kosa lako, umepita.

#10 MtuWaBajeti

Kwa nini Mei 31 inatajwa sana? Kuna nini?

#11 KaraniMkongwe

Kikao kinaanza Jumatano ya pili ya Januari. Mpaka Mei 31, muswada unaotaka kuanza kutumika mara moja unapita kwa kura 30 Seneti na 60 kule kwa wawakilishi. Ukipita baada ya tarehe hiyo na bado unautaka uanze mara moja, unahitaji tatu ya tano: 36 na 71. Maana yake ukivuka saa sita ya usiku ule, upande wa wachache ambao ulikuwa hauna kazi unageuka kuwa na bei. Ndiyo maana watu hawalali wiki hiyo.

Baada ya kupita, Bunge lina siku 30 kumpelekea gavana, naye ana siku 60. Asipofanya kitu, unakuwa sheria. Akipiga kura ya turufu, hizohizo 36 na 71 zinaitengua. Gavana wa Illinois ana silaha nyingine ambayo magavana wengi hawana: anaweza kuurudisha muswada na maneno yake mwenyewe, akisema badilisheni hivi nitasaini. Kuyakubali maneno hayo inatosha 30 na 60. Mambo hayo humalizwa kwenye kikao kifupi cha vuli, kwa kawaida wiki mbili.

#12 Wakili_Mstaafu_TZ

Naomba niongeze muswada mmoja kwa kina, kwa kuwa unaonesha kazi inavyofanyika upande wa walio wengi.

Januari 2000 Gavana George Ryan alisimamisha unyongaji Illinois. Tangu adhabu ya kifo irudishwe 1977, walionyongwa walikuwa 12, na waliotolewa baada ya kubainika hukumu zao si sahihi walikuwa 13. Baadhi ya kesi hizo zilisimama juu ya maungamo yaliyotolewa ndani ya chumba cha polisi bila shahidi. Tume aliyoiunda Ryan ikapendekeza mahojiano yarekodiwe.

Mipaka mipya ya wilaya ilikuwa imechorwa 2001. Katiba yao inasema tume ya kuchora mipaka, ya watu wanane, ikigawanyika sawa, jina la tisa linachomolewa kwa bahati nasibu. Lilichomolewa la Democrat. Uchaguzi wa 2002 ukawapa Democrats Seneti, Emil Jones akawa Rais wa Seneti, na Obama akapewa uenyekiti wa Kamati ya Afya na Huduma za Jamii. Jones alimpa pia miswada mizito aibebe. Wenzake waliokuwa wameisukuma kwa miaka walinung'unika, na walikuwa na haki ya kunung'unika.

Muswada wa kurekodi ulipingwa na polisi na waendesha mashtaka. Kilichofanyika ni kukaa nao na kupunguza. Ukafungwa kwenye kesi za mauaji tu, si jinai zote. Sauti peke yake ikakubalika, video si lazima. Maungamo yasiyorekodiwa hayakufutwa moja kwa moja: yanadhaniwa kuwa hayapokeleki, na mwendesha mashtaka anaweza kuivunja dhana hiyo akithibitisha yalitolewa kwa hiari na yanaaminika. Yakawekwa mazingira ya kusamehewa, kama vile mtuhumiwa anapokataa kurekodiwa au mitambo isipowezekana kutumika. Na hapa kuna kipande ambacho wengi hawakitaji: sheria ya Illinois ya kunasa mazungumzo ilitaka ridhaa ya pande zote, kwa hiyo polisi anayerekodi kimya angeweza kuwa mkosaji yeye. Wakaweka kifungu cha kumtoa polisi katika marufuku hiyo. Basi polisi nao wakawa wamepata kitu.

Ukapita Seneti 58 kwa 0. Ulisainiwa Julai 2003, ukaanza kutumika Julai 2005, miaka miwili ikiachwa ili vituo vinunue vifaa na kufundisha watu. Illinois ikawa ya kwanza kulazimisha jambo hili kwa sheria iliyotungwa na Bunge.

#13 Kaunti254

Hapo nimeelewa. Kelele za nje hazionekani popote kwenye 58–0. Swali la mfuko sasa: wanalipwa ngapi? MCA wetu akisikia lazima aulize posho.

#14 MtuWaBajeti

Inategemea jimbo kiasi cha kuchekesha. New Hampshire, yenye wawakilishi 400, inalipa dola 100 kwa mwaka, kiwango kilichowekwa kwenye katiba tangu 1889. Texas ni dola 7,200 kwa mwaka, na Bunge lao linakaa siku 140 kila baada ya miaka miwili. New York tangu 2023 ni dola 142,000. Illinois ilipandisha hadi 85,000 Januari 2023, pamoja na posho ya siku za kikao. New Mexico mshahara hakuna kabisa, ni posho tu.

Matokeo yake ni nani anaweza kuifanya. Kule kusikolipa utakuta wastaafu, wenye mashamba na wenye kampuni. Wengine wana kazi ya pili: Obama aliendelea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Chicago muda wote wa useneta wake wa jimbo, akipanga vipindi kulingana na safari za Springfield, ambako ni kama kilomita 320. Na kazi ya pili ndiyo mlango wa mgongano wa maslahi. Seneta mwanasheria ana wateja, mwenye bima ana wateja. Sheria inataka watamke, haiwakatazi.

#15 Nahodha_wa_Lamu

Wana mfuko kama CDF yetu, fedha za mbunge za miradi ya eneo lake? Basari?

#16 MtuWaBajeti

Mfuko wa mtu mmoja mmoja kisheria, hapana. Fedha za miradi hugawiwa kupitia viongozi wa kambi, na hapo ndipo utii unanunuliwa.

Basari zilikuwepo, na hadithi yake utaitambua. Kila mtunga sheria wa Illinois aliruhusiwa kutoa nafasi za kusoma bure kwenye vyuo vikuu vya jimbo kwa vijana wa wilaya yake, kila mwaka. Chuo hakikurudishiwa ada, kilibeba hasara. Ikaja kugundulika baadhi zilikwenda kwa watoto wa wachangiaji wa kampeni, na baadhi kwa wasioishi hata katika wilaya hiyo. Zilifutwa 2012.

#17 Wakili_Mstaafu_TZ

Kwa utii wa viongozi, mfano mkubwa ni Michael Madigan. Aliingia Baraza la Wawakilishi la Illinois 1971, akawa Spika 1983 hadi 2021 akikosa miaka miwili tu, 1995 hadi 1997. Mtambo wake ulikuwa na sehemu chache: aliamua miswada ipi itoke kwenye kamati ya kanuni, aliajiri wachambuzi wanaowaandikia wajumbe muhtasari wa kila muswada, aligawa fedha za kampeni kwa wenye viti vyenye mashaka, na alikuwa na mkono kwenye uchoraji wa mipaka. Mjumbe mpya anayetegemea vyote vinne hana pa kusimamia. Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa makosa 10, na Juni akahukumiwa miaka saba na nusu. Mashtaka yalihusu pamoja na mengine kampuni ya umeme iliyowapa watu wake kazi na malipo huku ikitaka sheria zipite.

#18 MwanaKilwa

Turudi kwa Obama. Mbona 2000 alishindwa vibaya? Alikuwa seneta tayari.

#19 BintiShangani

Aligombea dhidi ya Bobby Rush, mbunge wa Washington aliyezoeleka, akapata asilimia 30 kwa 61. Sababu ni nyingi, lakini moja ni ya kikazi moja kwa moja.

Katiba ya Illinois inataka muswada uwe na mada moja. Mwaka 1994 walipitisha sheria kubwa ya usalama wa mitaa iliyopandisha ubebaji haramu wa bunduki kuwa kosa kubwa la jinai. Ndani yake wakabebesha mambo mengine, yakiwemo udanganyifu kwenye mpango wa lishe ya mama na mtoto na leseni za vituo binafsi vya vijana. Desemba 1999 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaitupa sheria nzima kwa kukosa mada moja. Miaka mitano imepita, watu wameshafungwa kwa sheria hiyo! Gavana akaita kikao cha dharura mwishoni mwa Desemba.

Obama alikuwa Hawaii na familia, bintiye akaugua, hakurudi kwa wakati. Muswada ukaanguka kwa kura chache. Magazeti ya Chicago yakamchana, naye yumo katikati ya kampeni. Kwa mtunga sheria wa jimbo orodha ya mahudhurio inatembea haraka kuliko orodha ya miswada. Mwananchi hawezi kusoma muswada wa kurasa 80, lakini "hakuwepo" anaielewa.

#20 Kaunti254

Na alipoondoka 2004 kiti kilifanyiwa uchaguzi mdogo?

#21 KaraniMkongwe

Hapana. Illinois nafasi ikiwa wazi inajazwa kwa uteuzi ndani ya siku 30, na lazima awe wa chama kilekile. Wanaoteua ni viongozi wa chama wa kata zilizomo ndani ya wilaya, na kila mmoja uzito wake ni idadi ya kura zilizopigwa eneo lake kwenye kura za maoni zilizopita. Kwa hiyo mwenye kata kubwa anaweza kuamua karibu peke yake. Baada ya Obama aliteuliwa Kwame Raoul, mwana wa wahamiaji wa Haiti, ambaye tangu 2019 ni Mwanasheria Mkuu wa Illinois. Wengi sana huingia kwa mlango huu: mwenye kiti anajiuzulu katikati ya kipindi, mrithi anaingia kwenye uchaguzi unaofuata akiwa tayari anaitwa seneta.

#22 Shamba_la_Barafu

Naongezea Minnesota kwa sababu kuna wasomaji wengi wa Kiswahili huku, na Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha Baraza la Wawakilishi, wilaya ya 38A.

Mlango wa huku si wa sahihi za wadhamini. Unalipa ada ya dola 100 ukirudisha fomu, au ukishindwa unaleta sahihi 500. Lazima uwe umeishi jimboni mwaka mmoja na wilayani miezi sita. Vita halisi iko kwenye mkutano wa chama wa kuidhinisha mgombea, ambako Democrats wa huku wanataka asilimia 60 ya wajumbe. Wajumbe hao huchaguliwa kwenye vikao vya mtaa majira ya baridi, Februari. Jumuiya isiyofika kwenye vikao hivyo usiku wa theluji itakuja kulia Agosti kwenye kura za maoni.

Hilo sharti la miezi sita si pambo. Uchaguzi huohuo wa 2024 uliwapa Democrats na Republicans viti 67 kwa 67. Mshindi mmoja wa Democrats, wilaya ya 40B, alishtakiwa kwamba chumba alichopanga hakuwa akikiishi, na jaji akakubali. Wakabaki 66. Democrats wakasusia ukumbi kuanzia Januari 14, ili akidi isipatikane. Republicans wakasema 67 ni zaidi ya nusu ya viti vyenye wajumbe, wakaendelea kufanya kazi. Mahakama ya Juu ya Minnesota ikaamua Januari 24 kwamba akidi ni 68, zaidi ya nusu ya viti vyote 134, na yaliyofanyika yakaanguka. Mwanzoni mwa Februari wakaelewana, Lisa Demuth akawa Spika. Hiltsley na wapya wenzake walianza kazi kwa wiki tatu za kutokuwepo kazini.

#23 BintiShangani

68 ya Minnesota na 30 ya Illinois ni mtoto wa mama mmoja. Viti vyote ndivyo vinavyohesabiwa, hata kilicho kitupu.

#24 Nahodha_wa_Lamu

Mwisho kwangu: mtu wa kawaida anayeishi Illinois, hana mshawishi wa kulipwa, anafanyaje muswada usimpite?

#25 KaraniMkongwe

Fungua tovuti ya Bunge lao, tafuta muswada kwa namba, angalia umepangwa kamati gani na saa ngapi. Kila kikao cha kamati kina fomu ya shahidi mtandaoni. Unajaza jina, namba ya muswada, na msimamo: unaunga mkono, unapinga, au huna upande. Kisha unachagua kuongea mbele ya kamati, kuleta maandishi, au kuorodheshwa tu. Ukichagua kuorodheshwa imekwisha, dakika mbili.

Kosa la kawaida ni kujaza kwenye muswada wenyewe wakati kinachojadiliwa ni marekebisho namba mbili. Hapo fomu yako inakuwa imekwenda kwenye karatasi iliyoshaachwa, kwa hiyo angalia namba ya marekebisho kabla ya kutuma. Tangazo la kawaida la kikao cha kamati ni siku sita kabla, lakini marekebisho yanaweza kutangazwa saa moja tu kabla. Wiki ya mwisho ya Mei weka simu karibu.